Mwindo si mulozi, muacheni mtoto asome

KINDU. Kuna hubiri moja ambalo kila mkaaji wa muji huu amekwisha kulisikia, awe wa Kasuku, wa Mikelenge au wa ng'ambo ya mto kule Alunguli. Linasema kwamba kitabu cha katuni chenye watu wanaoruka angani, wanaosoma mawazo ya wengine au wanaoita radi ni mlango wa ulozi. Na kama nguvu hizo zinatoka katika hadithi za mababu, basi hubiri linakuwa kali zaidi: hapo si mlango tena, ni nyumba yenyewe ya shetani. Mzazi anaambiwa apokonye, apasue, achome.

Hubiri hilo linapata masikio, na si vigumu kuelewa sababu. Mama aliyekimbia vita na watoto watano, ambaye sasa analala katika chumba kimoja cha nyumba ya watu, anaogopa kitu chochote kinachoweza kumfanya mwenye nyumba aseme: mtoto wako huyu ana kitu. Neno hilo dogo, "ana kitu", linatosha kumtoa mtoto nje usiku. Kwa hiyo mama anapokonya kitabu mbele ya wengine, ili aonekane. Hofu ya mama huyo inastahili heshima. Hubiri lenyewe halistahili, na ni wakati wa kulijibu waziwazi.

Kwanza, ni vitabu gani hivyo? Vingi havifiki Kindu kama vitabu. Vinafika kama filamu ndani ya kadi memwari ya simu, kama sura kwenye jalada la kaye ya masomo, kama picha kwenye tisheti ya mitumba. Mtoto wa Kindu anamjua Black Panther bila kuwa ameshika ukurasa wake hata mmoja. Mtu huyo alichorwa mwaka 1966 na Wamarekani wawili, Stan Lee na Jack Kirby. Mwaka 2018 filamu yake iliingiza zaidi ya dola bilioni 1.3. Nchi yake, Wakanda, imewekwa upande huu wa Afrika, lakini katika filamu watu wake wanasema Kixhosa cha Afrika Kusini. Wakanda ina madini ambayo dunia nzima inayatamani, na haina mkimbizi hata mmoja. Walikale nayo ina bati pale Bisie, Punia na Kalima zina madini yao. Msomaji anajua mwenyewe nani analala chini ya hema.

Wamarekani hao wawili, mwaka 1963, walikuwa wamekwisha kutoa kikosi kingine, X-Men. Kiongozi wao ni mwalimu anayekaa katika kiti cha magurudumu, Charles Xavier, mwenye kusoma mawazo ya mtu bila yule mtu kufungua kinywa. Kazi yake ni kukusanya watoto waliozaliwa na nguvu zisizo za kawaida, watoto ambao watu wanawaogopa na kuwachukia, na kuwapa masomo. Mwaka 1975 akaongezwa humo mwanamke mwenye damu ya Kenya, Ororo, anayeamuru mvua na upepo. Mtoto wa Maniema akiona hayo hashangai. Mleta mvua anamjua toka kwa nyanya yake. Kitu ambacho hajakiona ni mtoto mwenye "kitu" kupelekwa shuleni badala ya kupelekwa kufungishwa chakula siku tatu.

Lakini picha ya nguvu za Kiafrika kama uongo na ushetani inatoka wapi? Wahubiri wanapenda kusema inatoka katika Biblia. Iko pia mahali pengine. Mwaka 1930 gazeti moja la watoto la Kikatoliki huko Brussels lilianza kutoa safari za Tintin nchini Congo. Ndani yake kuna mganga, ameitwa Muganga kabisa, mwoga na mdanganyifu, anayeshirikiana na mzungu mwizi. Kuna pia mtu aliyejivika ngozi ya chui ili aue watu. Watoto wa Ubelgiji walicheka. Hubiri la leo linachora picha ileile, ila sasa hakuna anayecheka.

Sasa kuna shujaa mmoja ambaye hakuchorwa Brussels wala New York. Anatoka jirani kabisa, kwa Wanyanga wa Walikale, eneo linalopakana na Lubutu na Punia. Mpaka mwaka 1988 Maniema na Walikale zilikuwa ndani ya jimbo moja la Kivu, kwa hiyo asiseme mtu kwamba ni mambo ya wageni. Jina lake ni Mwindo. Mwaka 1956, katika kijiji cha Bese, mzee Shekarisi Candi Rureke aliimba, akacheza na kusimulia habari zake kwa siku kumi na mbili, huku Mbelgiji Daniel Biebuyck na Mnyanga Kahombo Mateene wakiandika. Kitabu kilitoka Marekani mwaka 1969.

Wale ambao hawajasikia, wasikilize kidogo.

Shemwindo, chifu wa Tubondo, aliwaambia wake zake saba kwamba anataka wazae wasichana tu. Mvulana akizaliwa, atauawa. Sita wakazaa wasichana. Mimba ya wa saba ikakawia. Siku moja mama huyo anafikiri juu ya kuni, na anakuta kuni zimefika mlangoni peke yake. Anafikiri juu ya maji, maji yanafika. Mtoto aliye tumboni ndiye anayevileta. Halafu anazaliwa, si kwa njia ya watoto wengine bali kupitia kidole cha mama, akiwa anacheka, anasema, anatembea. Mkononi ana conga, ile fimbo yenye mkia wa mnyama ya kufukuzia nzi, na begani kifuko chenye kamba ndefu.

Hapa mhubiri amekwisha kusimama. Mtoto anayeongea siku ya kuzaliwa! Mtoto anayetenda akiwa tumboni! Si mulozi huyo?

Shemwindo naye alimkataa mtoto huyo. Baba huyo alimrushia mtoto mikuki, haikumpata. Akamzika akiwa mzima, akatoka. Akamfungia ndani ya ngoma, akaagiza itupwe mtoni. Na simulizi la Wanyanga, kwa siku kumi na mbili zote, halisimami upande wa baba hata mara moja. Linasimama upande wa mtoto. Mababu wanaoitwa wapagani waliketi usiku kuzunguka moto na kuwafundisha watoto wao kwamba mzazi anayemzika mtoto kwa sababu amezaliwa tofauti ndiye mwenye kosa. Muji wa leo, wenye mabomba ya sauti kila kona, unafundisha kinyume.

Ngoma haikuzama. Ilipanda mto mpaka kwa shangazi yake, Iyangura, aliyeolewa na Mukiti, nyoka mkubwa wa majini. Kuanzia hapo Mwindo hayuko peke yake tena, na hapo ndipo anawashinda wengi wa mashujaa wa filamu. Anacho kikosi. Buibui anamjengea madaraja juu ya mashimo ya mitego (ndiyo, buibui, kabla ya yule wa New York). Wajomba zake ni popo, nao ni wafua chuma. Wanamvika chuma mwili mzima. Nkuba, mwenye radi, anamsikia kutoka juu na kutuma radi zake. Mwindo anaposhuka chini ya ardhi kumtafuta baba yake aliyekimbia, anamwachia shangazi ncha ya kamba. Kamba ikitikisika, yuko hai. Ikitulia, ajue amekufa. Waandishi wa Marekani wametumia karatasi nyingi kueleza jinsi mashujaa wao wanavyosikiana kwa mawazo. Wanyanga walitumia kamba na shangazi.

Na anapompata baba yake, anafanya nini? Angeweza kumuua; nguvu anazo na sababu anayo. Anamrudisha nyumbani. Kwa conga yake anafufua watu wa Tubondo waliokufa katika vita. Mbele ya mkutano wa watu wote baba anakiri alichofanya, shangazi naye anasema yake, kisha ufalme unagawanywa. Familia zilizotoka Walikale baada ya M23 kuingia Walikale-centre mwezi wa Machi 2025, na zile zilizotoka Shabunda na Kabambare kwa vita vingine, zimekwisha kusikia mipango ya amani isiyo na hata nusu ya busara hiyo. Katika mipango hiyo, ni nani aliyekiri mbele ya watu?

Kisha simulizi linafanya jambo ambalo katuni za biashara haziliwezi. Linamwadhibu shujaa wake. Mwindo, aliyejisifu sana, anaua joka Kirimu lililokula watu wake. Kumbe joka lilikuwa rafiki wa Nkuba wa kuchanjiana damu. Nkuba anashuka, anambeba mpaka juu, na huko Mwindo anateseka mwaka mzima kwa baridi, mvua na jua, bila conga kumsaidia kitu. Anaambiwa asijisifu tena, asiue tena wanyama hovyo. Akirudi, anawapa watu wake sheria: walime vyakula vya aina nyingi, waache ugomvi, wawapokee watoto wote, wa kiume na wa kike, mzima na kilema.

Hicho ndicho kitabu kinachoitwa cha shetani.

Tena hapa jambo linaacha kuwa la vitabu. Katiba ya nchi ya tarehe 18 Februari 2006, katika kifungu cha 41, inakataza kumshitaki mtoto kwamba ni mulozi. Sheria ya tarehe 10 Januari 2009 juu ya ulinzi wa mtoto, kifungu cha 160, inaweka kifungo kwa mwenye kufanya hivyo. Ni sheria nzuri, na wanaoijua ni wachache. Anayesimama juu ya mimbari na kufundisha kwamba mtoto mwenye ndoto za ajabu, mtoto anayesema peke yake, mtoto anayejua jambo kabla ya kuambiwa ana pepo, hajamtaja mtoto kwa jina, kwa hiyo sheria haimgusi. Lakini amewapa watu kipimo. Jumatatu kuna mtu atakitumia. Na atakitumia juu ya nani? Si juu ya mtoto wa mwenye nyumba. Atakitumia juu ya yatima, juu ya mtoto wa mke mwenzake, juu ya mtoto aliyefika jana na vita na ambaye usiku anapiga kelele kwa sababu ya yale aliyoyaona njiani. Kelele za usiku zina sababu, na mama yake anaijua vizuri kuliko mhubiri.

Kuna watu wengine wanaofurahi sana vitabu vikichomwa, nao hawaingii kanisani. Ni wale wanaohitaji vijana wa kubeba bunduki.

Maniema inajua habari ya maji kuliko majimbo mengi. Mwaka 1964 Simba waliuchukua muji huu wa Kindu wakiwa wamenyunyiziwa dawa, wakiamini risasi zitageuka maji. Miaka karibu sitini kabla yao, mwaka 1905, Kinjeketile alikuwa amewapa watu wa kusini mwa Tanganyika maji ya namna hiyo dhidi ya Wajerumani, na wengi walikufa. Makundi ya Mai-Mai yamechukua jina lake humohumo. Ukiangalia vizuri, hiyo nayo ni hadithi ya mashujaa wenye nguvu za ajabu. Ina kikosi, ina kinga, ina kiapo, ina ahadi kwamba mtoto wa miaka kumi na mitatu asiyehesabiwa na mtu yeyote kijijini anaweza kuamka kesho akiwa hashindwi. Ni katuni isiyo na karatasi, na msomaji wake anailipa kwa mwili.

Angalia pia jinsi ilivyotengenezwa. Dawa ina masharti: usiguse mwanamke, usile kitu fulani, usiibe, usigeuke nyuma. Kijana akipigwa risasi na kufa, anayetoa dawa hakosi jibu. Marehemu alivunja sharti. Dawa haijawahi kushindwa hata mara moja. Wanaoshindwa ni wafu, na wafu hawajibu. Katika Mwindo ni kinyume kabisa. Mwenye nguvu ndiye anayelipa. Anapigwa, anapandishwa juu, anaadhibiwa kwa majivuno yake mwenyewe, halafu anarudi na kusema mbele ya watu alichokiona. Mtoto aliyekua na hadithi hiyo, siku akiletewa chupa ya maji porini, atakuwa na swali la kuuliza: nani atalipa? Mtoto asiyekuwa na hadithi yoyote, kwa sababu zote zimechomwa, ataanza na ile ya kwanza atakayoletewa.

Wenye kupinga wana hoja moja nzito na haifai kuirukia. Wanasema watoto wa hapa hawatofautishi mchezo na kweli. Kwamba katika nchi ambayo wakubwa wenyewe wanaamini ulozi, kumpa mtoto kitabu cha nguvu ni kumpa kiberiti. Ni kweli kwamba wakubwa wanaamini. Lakini mtoto hatofautishi kwa sababu hakuna aliyekaa naye kumwonyesha. Wanyanga hawakuliacha simulizi liende lenyewe. Lilikuwa na msimuliaji aliyejifunza, lilikuwa na wasikilizaji wanaoitikia, lilikuwa na mahali pa kucheka. Ndani yake Mwindo mwenyewe anachekesha kwa jinsi anavyojisifu. Mtoto aliyekaa pale alijua vizuri kwamba kesho kuni haziji mlangoni peke yake. Atatumwa yeye.

Na kama hofu ni kiberiti, filamu ndani ya simu haijazimwa. Mhubiri anachoma karatasi, na kadi memwari inaendelea kuzunguka kartie nzima kwa faranga chache. Kinachopotea ni kile tu ambacho mzazi angeweza kukisoma pamoja na mtoto.

Jambo la aibu ni kwamba wengine wamekwisha kufanya kazi hii. Mwaka 2008 Mmarekani Aaron Shepard alitoa kitabu kidogo cha watoto juu ya Mwindo na conga yake, na akamtaja Mwindo waziwazi kuwa shujaa wa namna ya hao wa katuni. Mtoto wa California anaweza kukisoma. Mtoto wa Walikale, ambaye babu yake pengine alisikia karisi hiyo ikiimbwa, anafika Kindu na kuambiwa ni ya shetani. Mwaka 2023 mwanamke wa Zambia, Malenga Mulendema, alionyesha dunia nzima wasichana wanne wa Lusaka wanaoukoa muji wao, katika filamu za katuni za Supa Team 4. Lusaka haiko mbali. Ni kwa jirani wa Katanga.

Wala asiseme mtu kwamba Congo haina mikono. Kinshasa ilikuwa na gazeti la katuni la vijana, Jeunes pour Jeunes, toka mwaka 1968. Barly Baruti, anayejulikana kote penye bandi desine, alizaliwa Kisangani, chini tu ya mto huuhuu unaopita hapa. Papa Mfumu'Eto alikuwa akichora Kinshasa, kwa Kilingala, vijitabu vya karatasi ya bei rahisi vilivyouzwa barabarani, vimejaa mapepo, nyoka na wakubwa wanaokula watu. Watu wa Kinshasa waliviona wakaelewa mara moja ni wakubwa gani. Havikuhitaji wino wa rangi.

Kwa hiyo kinachoombwa si kikubwa. Mashirika yanayoleta maboksi ya kaye na ndoo kwa familia zilizohama yanaweza kuleta pia kitabu cha kurasa thelathini na mbili, cheusi na cheupe, kwa Kiswahili cha hapa, chenye Mwindo, Iyangura, buibui na popo. Inspekta wa shule anaweza kukisoma mbele ya walimu kabla ya yeyote kukihukumu. Wahubiri nao waalikwe wakisome, wote wa kurasa thelathini na mbili, mpaka pale baba anapokiri. Wakikuta ndani yake mtoto anafundishwa kumroga jirani, waseme ukurasa gani.

Na redio hazihitaji kungoja wino. Katika familia za Walikale zilizotawanyika kuna wazee, na hasa kuna mama wengi, waliosikia vipande vya hadithi hii wakiwa wadogo, kwa Kinyanga. Mama, wewe unayesikiliza huku ukichambua sombe, hujaulizwa na mtu tangu ulipofika isipokuwa idadi ya watoto na alama ya kidole. Kipindi cha dakika kumi na tano, saa moja jioni, watoto wakiwa wamekwisha kula au wanangoja kula, kinaweza kuanza na wewe: mama anaamka asubuhi, tumbo ni zito, anafikiri juu ya kuni, na anapofungua mlango kuni ziko pale.